Mngoni wa Kumzika Bi Sada

Pande, Kilwa
3 Juni 2024

Mwanangu Hafsa,

Kosa wanalolifanya watu wengi ni kudhani kwamba kuomba radhi hakujawahi kumdhuru mtu. Wanaiomba kama wanavyokunywa maji, wakiamini kwamba hata isiposaidia haitaharibu. Wewe umelifanya kosa hilo Alhamisi iliyopita mbele ya macho yangu, na tangu niliposhuka kwenye basi pale Nangurukuru nimekuwa nikisema peke yangu kwa hasira, mpaka dereva wa bodaboda akaniuliza kama nina wenge.

Nakuandikia barua kwa sababu kwenye simu utanikatiza, nami nitapandisha sauti, kisha salio litaisha tukiwa ndiyo kwanza tumeanza kugombana. Barua haikatizwi. Nitampa kondakta wa basi la asubuhi, kama nilivyofanya ulipokuwa sekondari. Nitakutumia ujumbe ukaipokee Mbagala.

Sikulaumu kwa mapokezi. Ming'oko niliyokuletea, mizizi yetu ya porini, uliipokea kwa furaha, ukaila hapohapo kwenye ngazi za bweni na wenzako, ukanionesha maktaba, ukanionesha ubao wenye jina lako. Nilifurahi. Sasa ngoja nikueleze ulichokivunja.

Ulipokwenda kunitafutia chai, mimi niliingia ofisini kwa msimamizi wa utafiti wako, Dk. Ignasi. Ulikwisha kuniambia kwamba ni Mngoni wa Songea. Nikabisha hodi, nikasema, "Mbona humu kunanuka panya wa kuchoma?" Yule bwana hakuinua hata kichwa. Akasema, "Nani huyo? Aa, mtumwa wangu aliyetoroka. Amechoka kuchimba mizizi porini, amejirudisha mwenyewe." Nikamwambia, "Nilidhani mkisoma mtaacha panya, kumbe mmekuja kuwasomea shahada." Akasimama, akanikumbatia, akanivutia kiti. Tukakaa, tukazungumza mambo ya maana kabisa. Tulipomaliza tukarudi kwenye matusi, na hapo ndipo ulipoingia na kikombe, ukasikia mikia ya panya na utumwa, ukamwona mwalimu mwenzake, Dk. Monika, mlangoni amepigwa na butwaa. Ukasema, "Samahani sana Daktari, naomba umsamehe baba, hajazoea mazingira ya chuo."

Uso wa yule bwana ukafungwa kama duka. Akasema, "Haina shida, Hafsa." Kisha akaniita "mzee" na akaangalia saa.

Nimefundisha kwa miaka mingi na najua mwanafunzi hujifunza akielezwa polepole, kwa hiyo nitajitahidi. Mababu wa Wangoni walikuja huku kwa mikuki. Walichoma vijiji vya Wamwera, wakateka watu, wakala mazao yetu. Wajukuu wao na wajukuu wetu wangeweza kuendelea kuuana mpaka leo. Badala yake wakawekeana utani: Mngoni na Mmwera watatukanana kwa mambo yaleyale waliyotendeana, na atakayenuna ndiye aliyeshindwa. Ndiyo maana aliponiita mtumwa nilicheka. Kile ni kicheko cha mtu anayekumbuka vita na amekataa kuviendeleza.

Na utani una kazi, mwanangu. Ukifiwa, ndugu zako wanalia, mtani wako ndiye mwenye macho makavu. Huja, hushika jembe la kuchimbia kaburi akagoma kulitoa mpaka apewe chochote. Huvaa kofia ya marehemu, au kanga yake, akatembea kama alivyotembea. Waliofiwa wanacheka huku wanalia, na kuanzia hapo wanaweza kula. Babu yako Kondo alipofariki, alikuja Mngoni mmoja fundi cherehani kutoka Mtama, akavaa kofia ya babu na kuanza kudai chai kwa sauti ya babu. Bibi yako Sada amenisimulia mara nyingi: "Nilipocheka, ndipo nilipojua kwamba nitaishi."

Basi mtani haombwi radhi. Ukimwomba radhi unamwambia: maneno yetu yalikuwa matusi kweli, na wewe si mtani, ni mtu baki. Nilikuwa na ombi kwa Dk. Ignasi, na alikuwa amekwisha kulikubali kabla hujaingia na chai. Ombi lenyewe tutazungumza baada ya mitihani. Lakini ujue kwamba uliingia katikati ya ahadi ya watu wazima wawili, ukaimwagia maji.

Bibi anakusalimu. Yuko shamba.

Baba yako,
Abdulrazak Kondo


Dar es Salaam
10 Juni 2024

Baba,

Shikamoo.

Barua nimeipokea kutoka kwa kondakta, ambaye ameniambia nikujibu haraka maana "mwalimu ana moto." Nakujibu na mimi nikiwa na wa kwangu.

Utani naujua. Usinifundishe kama mtoto wa darasa la tatu. Hapa bwenini kuna Dativa, Mhaya, na kila siku tunataniana. Lakini kuna mahali pake. Utani ni wa kijiweni na harusini. Hauingii ofisini kwa mtu ambaye peke yake ndiye atakayesema utafiti wangu umefaulu au nirudie mwaka. Unajua nilivyohangaika kumpata msimamizi? Unajua ninavyosimama mlangoni pake nikiwa nimeandika kwenye kiganja maneno nitakayomwambia, nisije nikababaika? Halafu naingia na chai ya baba yangu, nakuta baba yangu anaulizia mikia ya panya.

Na hilo la panya lilikuwa dogo. Nilisikia kwa masikio yangu mtu mwenye koti na tai anamwita baba yangu mtumwa, na baba yangu anacheka. Sisi ni watu wa Kilwa. Wewe ndiye uliyenipeleka Kilwa Kivinje nikiwa mdogo, ukanionesha mahali walipopitishwa watu wamefungwa shingo kwa shingo, ukaniambia nisisahau. Sikusahau. Kumbe mwenzangu ulisahau, au ulitaka kumfurahisha Daktari. Nilikuonea aibu, kisha nikajionea aibu mimi kwa kukuonea aibu. Sikulala vizuri.

Hukuniuliza hata swali moja kuhusu utafiti wangu. Siku mbili nzima. Ulimsalimia kila mlinzi, ukamweleza mkutubi historia ya mji mkongwe, ukawafundisha rafiki zangu jinsi ya kumenya ming'oko. Mimi ulinitazama tu, kama mtu anayetaka kusema jambo, halafu unageukia dirisha.

Hata hivyo usiwe na wasiwasi. Nilirudi kwa Dk. Ignasi kesho yake, Ijumaa ile, nikaliweka sawa. Hatalikumbuka tena jambo lile, na ombi lako lolote lile halitamsumbua. Tafadhali usimpigie simu.

Mwambie bibi nampigia simu kila mara naambiwa yuko shamba. Apumzike. Mihogo haina miguu ya kukimbia.

Mwanao,
Hafsa


Dar es Salaam
6 Julai 2024

Ndugu Abdulrazak Kondo,

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa na nafuu.

Napenda kutoa pole zangu za dhati, kwa niaba yangu na ya idara, kwa kuondokewa na mama yako mzazi, Bi Sada. Mwenyezi Mungu amlaze mahali pema.

Ni wajibu wangu kueleza kwa nini sikufika. Ulipokuja ofisini ulinieleza kwamba mama ni mgonjwa sana na hana muda mrefu, na kwamba anataka azikwe kukiwa na Mngoni, na Wangoni waliokuwa karibu nanyi wamehama au wamekufa. Nilikuahidi kuja. Siku iliyofuata binti yako alinijia, akanieleza kwa huzuni kwamba uzee umeanza kuchezea akili zako, kwamba unasema mambo yasiyokuwapo na kuwaomba watu mambo ambayo hukuyakusudia, na akaniomba nisiyatilie maanani. Nilishangaa, kwa kuwa sikuona dalili. Lakini yeye ni mtoto wako, na mimi ni mtu wa nje.

Nilipopata ujumbe wako asubuhi ya tarehe nne kwamba mama amefariki, nilimwita Hafsa. Sikutaka kumshtua, nikamuuliza tu, "Bibi yenu huko Pande hajambo?" Akanijibu kwa furaha, "Hajambo kabisa Daktari, yuko shamba." Nikahitimisha kwamba ni yale maradhi. Sikupanda basi. Jana alikuja akilia na kunithibitishia kwamba msiba ni wa kweli na mazishi yamekwisha.

Nasikitika kwa usumbufu uliojitokeza.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Dk. Ignasi Gama


Pande, Kilwa
9 Julai 2024

Hafsa,

Nakunakilia barua ya Dk. Ignasi, kila neno, ili usije ukasema nimeota. Isome pale palipoandikwa "Ndugu." Isome pale palipoandikwa "nasikitika kwa usumbufu uliojitokeza." Mwezi mmoja uliopita mtu yule aliniita mtumwa aliyetoroka na akanikumbatia. Leo ananiandikia kama bwana afya anayejibu malalamiko ya choo cha soko.

Kwa hiyo baba yako ni kichaa. Ahsante. Ningependa kuwa nimeambiwa mapema, maana nimekuwa nikiongoza kamati ya shule na kuwaandikia watu wosia.

Sasa nikueleze jinsi bibi yako alivyozikwa. Alizikwa kimya. Jembe lilishikwa na waliochimba, likarudishwa lilikotoka. Hakuna aliyejilaza kaburini akidai alipwe ndipo atoke. Shekhe alisoma, tukaitikia amina, tukarudi. Ndani, kanga yake ile ya zambarau ilikuwa juu ya kamba, na wanawake walikuwa wakiitazama, kila mmoja akijua ni nani alitakiwa kuivaa. Shangazi yako Sauda alilia mpaka sauti ikamkauka. Wali ukaletwa, ukarudishwa na nzi wake. Sijaona msiba mzito namna ile, wala sijawahi kuukimbia msiba wa nyumbani kwangu mwenyewe. Lakini siku ile niliondoka nikaenda mikoroshoni, nikapulizia dawa mikorosho niliyokwisha kuipulizia juzi yake, ili nisisikie.

Alikuwa ameniomba jambo moja tu. Hakuomba hospitali ya mjini, hakuomba sanda ya bei. Alisema, "Nitafutie Mngoni, Abdu. Asije mtu akanizika kwa hotuba." Nilimpata, tena mzuri, mwenye mdomo. Wewe ukamfukuza kwa maneno mawili ya uongo ili ukurasa wako upate alama.

Sikuambii uje wala usije. Nimekasirika mno kuweza kukuambia chochote cha busara.

Abdulrazak Kondo


Dar es Salaam
14 Julai 2024

Baba,

Shikamoo nakupa kwa sababu ni haki yako. Yanayofuata ni haki yangu.

Nilimdanganya Dk. Ignasi uongo mmoja. Niliusema kwa hofu, na tangu niliposoma nakala yako sijaweza kujitazama kwenye kioo. Siukatai. Lakini wewe ulinidanganya mwezi mzima, kila siku, kwa utulivu, kwa sauti yako ya darasani. "Yuko shamba." Mwanamke asiyeweza kujigeuza kitandani umempeleka shamba kila nilipopiga simu! Nilimchekea. Niliandika kwamba mihogo haina miguu. Ulimsomea hiyo, baba? Alikuwa amelala hapo, nawe ukamsomea?

Mgeni kutoka Songea ulimwambia bibi yangu anakufa kabla hata chai yako haijafika. Mimi nilikaa nawe kwenye ngazi, nikala ming'oko aliyonichagulia yeye, najua ni yeye kwa sababu ilikuwa myembamba yote kama ninavyoipenda, na hukufungua mdomo. Nilipoulizwa, "Bibi hajambo?" nilimjibu Daktari kwa maneno yako. Si yangu. Uongo wako na wangu vilikutana mlangoni kwa mtu mmoja, na kwa pamoja vikamfungia nje. Usinibebeshe wote.

Jioni ile swali la Daktari lilinikaa vibaya, nikampigia shangazi Sauda. Alipokea akilia. Nilisikia watu wakisoma nyuma yake. Hivyo ndivyo nilivyojua. Kesho yake nilikuwa na mtihani, na niliufanya, kwa sababu shangazi aliniambia ndiyo amri yako. Nimefaulu kuandika jina langu, mengine sijui.

Unasema kanga ya zambarau ilitazamwa tu. Baba, ninajua jinsi alivyoivaa. Ninajua alivyotembea: mkono wa kushoto kiunoni, mguu wa kulia unaburura kidogo, akipita uani akiwasema kuku kama vile ni wake wenza. "Wewe mweupe, umeshindwa kutaga, umejaa maneno tu." Hakuna mtu duniani anayemjua kwa mwendo kuliko mimi, na mimi ndiye pekee ambaye hakuitwa.

Mitihani imekwisha. Sijapanda basi na sitapanda. Sitakuja kukaa arobaini na watu ambao wote walijua. Kabla sijahama bweni nitafanya jambo moja la heshima: Jumatatu ya tarehe ishirini na mbili nitakwenda kwa Dk. Ignasi nimwombe radhi rasmi, kwa maandishi, nieleze kila kitu, na nimsihi akusamehe na wewe.

Hafsa


Pande, Kilwa
18 Julai 2024

Mwanangu,

Barua yako nilimpa shangazi yako aisome kwa sauti, kwa sababu nilipofika kwenye kuku macho yalikataa. Alipoufikia ule wa mweupe aliyejaa maneno, Sauda alicheka. Alicheka kweli, akajishika mbavu, akalia, kisha akaomba uji. Ni mara ya kwanza tangu mazishi ameomba kitu cha kula mwenyewe.

Bado nimekasirika. Nakuambia ili usidhani uji wa shangazi yako umenilainisha. Ulilosema kuhusu akili zangu linauma, na litauma mpaka litakapoamua lenyewe kuacha. Lakini nilikufundisha kwamba hoja iliyo sawa ijibiwe au ikubaliwe, na ile ya uongo kukutana mlangoni naikubali. Nilijiambia nakulinda usivurugike kwenye mitihani. Ukweli ni kwamba kila nilipotaka kukuambia pale kwenye ngazi, niliona kwamba nikishaisema kwa sauti itakuwa kweli. Kwa Dk. Ignasi niliweza, kwa sababu kwa mtani kifo kinasemwa kwa mzaha. Nilimwambia, "Njoo umzike mama yangu, panya wa huko tutakuwekea." Maneno hayo nisingeweza kukuambia wewe. Na ndiyo, swali lako: nilimsomea ile ya mihogo. Alitabasamu, akasema, "Mwambie nami sina miguu, tumelingana." Nilipaswa kukuambia siku ileile.

Sasa nisikilize, maana jambo unalotaka kulifanya litaharibu hata kilichobaki.

Usimwombe radhi. Nilikueleza Juni hukunielewa, nakueleza tena. Ukienda na karatasi ya radhi, mtu yule ataipokea, atakushukuru, ataiweka kwenye jalada, na kuanzia hapo familia yetu na yeye tutaandikiana "Ndugu" mpaka kiyama. Radhi ya kwanza ilimfanya mtu baki. Ya pili itamgongea misumari. Mtani aliyefukuzwa anarudishwa kwa njia ileile aliyoingilia, na aliyemfukuza ndiye mwenye kumrudisha. Siwezi mimi. Nikimtukana kwa simu atakumbuka maradhi uliyomwambia.

Arobaini ni mwezi ujao. Mtani aliyekosa mazishi anaweza kuja arobaini. Huwa anapokewa kwa matusi mabaya zaidi, anaitwa mwoga na mchelewaji, anafungiwa mlango, naye anakuwa na haki ya kudai mara mbili. Kanga ya zambarau Sauda ameikunja ameiweka. Lakini Dk. Ignasi hakuwahi kumwona bibi yako. Hajui mkono upi ulikaa kiunoni, hajui mguu upi uliburura, hajui kuku mweupe alishitakiwa kwa kosa gani. Mimi nilijaribu kumwonesha Sauda jana jioni, akaniambia natembea kama askari wa mgambo. Anayejua ni wewe. Usipokuja naye, Mngoni atavaa kanga na kusimama tu, na bibi yako atakuwa amezikwa kimya mara mbili.

Kasirika, una haki. Njoo na hasira yako, nitakaa nayo chumba kimoja. Nimezoea ya kwangu. Ukifika nitakuuliza kuhusu utafiti wako, ukurasa kwa ukurasa, mpaka uchoke.

Lakini hayo ni ya mwezi ujao. Leo, ukishaikunja barua hii, nenda ofisini kwa Dk. Ignasi, usibebe karatasi yoyote, gonga mlango, na umwite mla panya.

Baba yako,
Abdulrazak Kondo